Vumbi Jeusi la Mabatini

Inspekta Yeremia Nkwabi alipiga magoti katikati ya ghala lililoungua, akachota vumbi jeusi kwa kijiko cha chai alichoazima kwa jirani, akalipimapima mkononi. Lilikuwa zito. Akasogea kwenye nguzo iliyogeuka mkaa, akakwangua masizi yake, akayapima nayo. Hayo yalikuwa mepesi kama pumba za mpunga. Akabaki pale anaangalia mkono mmoja kisha mwingine, na watu wa Mabatini, Mwanza, waliojazana nyuma ya kamba ya polisi wakaona wamepata burudani ya Jumapili.

"Afande, tukuletee chumvi?" mmoja akauliza.

"Na limau," Nkwabi akajibu bila kuinua kichwa. Watu wakacheka, yeye akaendelea na kazi yake.

Mwanamke mmoja tu hakucheka. Alisimama pembeni, kitenge kakifunga juu ya gauni la kanisani, mikono kaikunja kifuani. Huyo alikuwa Dorcas, muuza uji wa hapohapo Mabatini, mke wa mtunza ghala aliyeitwa Masalu. Na Masalu alikuwa mahabusu tangu moto ulipozimwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Amekula?"

"Nimempelekea uji, hajanywa. Anasema nikuambie neno moja tu, kwamba magunia yalikuwemo. Yote. Hakuna lililotoka." Akakaza fundo la kitenge. "Kesho mnampeleka mahakamani kweli?"

"Ndivyo ilivyopangwa."

"Basi leo bado ipo," Dorcas akasema, akageuka kwenda zake. Nkwabi alimsindikiza kwa macho, kisha akainamia tena vumbi lake.

Kwa wakubwa, kesi hii ilikuwa mteremko. Ghala lilikuwa mali ya Venant Kashaija, muuza pembejeo, mmoja wa wale walionawiri tangu biashara ilipofunguliwa na vyama vya ushirika vikaacha kuwa peke yao katika kumuuzia mkulima dawa. Humo ghalani aliweka dawa ya shaba, unga wa bluu ambao wakulima wa kahawa huukoroga na maji, wakanyunyizia mikahawa ili matunda yasioze. Magunia yalikuwa yamepangwa safu kwa safu kusubiri meli ya kwenda Kagera. Ijumaa mchana, wakati watu wako kwenye chakula, moto ukawaka. Ulipozimika, zilibaki kuta, mabati yaliyojikunja, na vumbi pale magunia yalipokuwa.

Bluu haikuonekana hata chembe. Hapo ndipo Masalu alipotiwa kitanzini. Mrakibu Shigela, mkuu wa upelelezi, alipiga hesabu yake haraka: dawa ya shaba haiungui, mwenye mali kasema mwenyewe. Kama haiungui, ingebaki. Haikubaki, basi haikuwemo. Aliyeshika ufunguo wa ghala kaiuza, kisha kalichoma ghala kuficha wizi, na aliyeshika ufunguo ni Masalu. Venant alileta hata chupa ya jemu iliyojaa unga wa bluu, akaiweka mezani kwa Shigela, akasema, "Tafuteni kitu cha namna hii." Polisi wakatafuta, watu wa zimamoto wakatafuta, na hakuna aliyekiona.

Isitoshe, kuna mtu wa pantoni aliyemwona Masalu akivuka kutoka Kigongo kwenda Busisi na magunia mazito, usiku wa kuamkia siku ya moto. Shigela alipolisikia hilo alipiga meza kwa furaha. Jumamosi Nkwabi alivuka maji, akaulizauliza mpaka akafika kwa baba mkwe wa Masalu, akayakuta magunia zizini. Yalikuwa mashudu ya pamba, chakula cha ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walishakula nusu. Aliporudi na habari hiyo, Shigela hakutikisika.

"Mashudu ni ya kukufumba macho wewe, Nkwabi. Dawa ilipita njia nyingine."

"Na ile habari ya bandarini, afande? Masalu anasema bosi wake alimtuma bandarini mchana uleule, akaulize meli inaingia lini."

"Venant anasema hakumtuma. Sasa nimwamini nani, mwenye mali au mtuhumiwa? Niletee bluu, Inspekta. Ukiniletea bluu namfungulia mlango mimi mwenyewe."

Ndiyo maana Jumapili hii Nkwabi alikuwa ghalani na kijiko. Bluu hakuipata. Alichokipata ni kwamba vumbi halikuwa la aina moja. Safu za mbele, karibu na mlango, zilikuwa nyeusi tii na nzito. Safu za nyuma, ukutani, zilikuwa nyeupe zenye kijivu, kana kwamba mtu kamwaga unga wa muhogo. Watu wote walipita juu yake wakidhani ni majivu tu, mengine yaliyoiva na mengine mabichi. Nkwabi alichota nyeusi akatia kwenye kopo la maziwa, nyeupe kwenye kopo jingine, na masizi ya nguzo kwenye kipande cha gazeti. Kisha akapita kituoni, akatia saini, akapewa vijiko viwili vya unga wa chupa ya Venant vilivyofungwa kwenye karatasi, akaelekea Butimba. Mkemia wa serikali alikuwa Dar es Salaam na majibu yake huchukua majuma, na kesho haikuwa na subira hiyo.

Mwalimu Specioza Mutayoba, mkufunzi wa kemia kwenye chuo cha ualimu, ndiyo kwanza alikuwa katoka misa. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mtu wa Kamachumu kule Kagera, miwani kaining'iniza shingoni kwa kamba ya viatu. Miaka ya nyuma aliwahi kuwasaidia polisi kwenye kesi ya gongo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeniletea nini leo? Usiniambie ni gongo tena."

"Ni majivu."

"Afadhali. Ile gongo kila mwanachuo alitaka kuwa msaidizi wangu." Akafungua maabara, akavaa koti jeupe juu ya gauni la kanisani, akamsikiliza Nkwabi mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo mlitafuta bluu."

"Tulitafuta bluu."

"Polisi wote?"

"Na zimamoto."

Specioza alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Baba, huko ni kuingia jikoni chakula kimeshaiva, ukaanza kutafuta mchele mbichi kwenye sufuria. Kaa hapo. Kwanza tutapika tukijua tunapika nini."

Akatoa kopo lililofungwa kwa lakiri, ambalo hakulifungua ila kwa bisibisi. Alieleza kwamba hiyo ni dawa ya shaba halisi, aliyoagiza Moshi kwa rafiki yake ili ampelekee baba yake shambani. Msimu uliopita mzee alinyunyizia dawa ya dukani shamba zima, na matunda yakaoza shamba zima. Akachota kidogo, akautia ule unga wa bluu kwenye kibomba cha kioo, akakikamata kwa koleo juu ya taa ya spiriti.

"Usiangalie chini. Angalia huku mdomoni."

Nkwabi akasogeza uso. Kwenye mdomo wa kibomba, kioo kikaanza kutoa jasho. Matone madogo yakajikusanya, yakaungana, yakateleza.

"Maji," akasema.

"Yametoka wapi? Unga umeuona mkavu."

"Humohumo kwenye unga?"

"Humohumo. Huu unga ni shaba iliyoshikamana na asili ya maji, vimefungwa pamoja kabisa, ndiyo maana mkononi unauona mkavu. Ukiupasha moto, kile kifungo kinakatika. Maji yanatoka, yanapanda, yanakwenda zake. Anayebaki ni shaba na mwenzake oksijeni, wawili tu. Sasa shuka chini uangalie."

Bluu ilikuwa inafifia. Ikawa kijani iliyochujuka, kisha weusi ukaanza kitakoni na kupanda polepole, kama mtu anavyovuta shuka, mpaka unga wote ukawa mweusi tii. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai ya mtu mmoja. Nkwabi hakupepesa macho. Alikuwa ameona mambo mengi katika kazi yake, mengi yao ya kumtia mtu huzuni, na hili lilimfurahisha hata akajikuta anatabasamu peke yake.

"Imeungua," akasema.

"Haijaungua. Karatasi ndiyo huungua. Hii imegeuka. Shaba yote iliyokuwemo bado imo, hakuna iliyopotea hata punje. Tunaiita oksidi ya shaba. Na tazama moto wenyewe, wa spiriti. Wewe ghalani kwako mabati yamejikunja. Bluu gani ingesalimika humo?"

Nkwabi akafungua kopo lake la kwanza kwa haraka, nusura alimwage. Specioza akamzuia kwa kidole.

"Taratibu. Nyeusi ziko nyingi duniani. Hata masizi ni meusi, na mkuu wako ndivyo atakavyokwambia."

Basi akayajibu ya Shigela kabla Shigela hajayasema. Akatia masizi ya nguzo kwenye bilauri ya maji, yakaelea. Akatia vumbi la safu za mbele kwenye bilauri nyingine, likazama moja kwa moja. Akaweka masizi kwenye kifuniko cha bati juu ya moto, yakang'aa wekundu, yakapungua mpaka yakaisha. Akaweka vumbi, likapata moto, likakaa vilevile. Kila hatua alifanya bila papara, akifuta kijiko kwa kitambaa kabla ya kuchota kingine, na Nkwabi aliyekuwa akiwafundisha makonstebo kila siku namna ya kushika kielelezo alijisemea kwamba huyu mama angefaa kuwafundisha yeye na hao makonstebo wake wote.

"Sasa tumuulize jina lake mwenyewe," Specioza akasema. Akalitia vumbi jeusi kwenye kibomba safi, akamimina asidi kutoka kwenye chupa nene. "Hii ni ileile wanayotia kwenye betri za magari. Usiiguse."

Akaipasha moto kidogo, akakitikisa kibomba. Weusi ukaanza kuyeyuka. Kwanza maji yale yalikuwa na rangi ya kutilia shaka, mtu angeweza kubisha. Kisha yakakolea. Yakawa bluu safi kabisa, bluu iliyong'aa kuliko hata unga wenyewe, na jua la dirishani likapita ndani yake likaangukia koti la Specioza.

Nkwabi akasimama. "Imerudi."

"Haijaenda popote."

"Rudia, Mwalimu. Naomba urudie."

Akarudia, na uso wake ulionyesha kwamba angeweza kurudia mpaka jioni. Safari hii alipomaliza akatumbukiza msumari ndani ya ile bluu, akautoa, na msumari ulikuwa umevaa wekundu wa shaba mpaka pale ulipozama. Nkwabi aliushika kwa leso, akaugeuza, akaurudisha kwenye mwanga.

"Polisi nzima tulikuwa tumeikanyaga," akasema polepole. "Tumeikanyaga kwa viatu, tunaitafuta."

"Ndiyo hivyo. Na hilo kopo la pili ulikuwa unalificha?"

"Nilikuwa nafurahia hili kwanza."

Vumbi jeupe halikumpa furaha. Asidi ilipoligusa, lilifoka na kutoa povu, kisha likatulia, na maji yakabaki meupe ya kuchafuka. Bluu haikutokea.

"Jiwe la chokaa lililosagwa," Specioza akasema. "Nalo lina tabia hiyohiyo ya kugeuka. Lipeleke kwenye tanuri, litatoa hewa iliyo ndani yake na kugeuka oksidi, ile chokaa inayochemka ukiitilia maji. Lakini linataka moto mkali kuliko huo. Kama lingefika huko, lisingetoa povu namna hii. Sasa niambie, jiwe la chokaa lilikuwa linafanya nini kwenye ghala la dawa?"

Nkwabi alikaa chini, furaha yote ikamtoka. Alikwisha kuisikia sauti ya Shigela. Masalu kauza dawa ya safu za nyuma, kajaza mawe yaliyosagwa, kaacha dawa halisi mbele ili bosi asishtuke. Badala ya kumtoa shimoni, alikuwa anamwongezea udongo.

"Mnunuzi akifungua gunia na kukuta unga mweupe hanunui," akasema, akijibishana mwenyewe. "Lazima nao ulikuwa wa bluu. Bluu yake imekwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje, ungeniletea gunia zima. Hiyo karatasi mfukoni ni ya nini?"

Ilikuwa na unga wa chupa ya Venant. Nkwabi aliuchukua kwa ajili ya kuthibitisha tu, na kwa kuwa ulikuwa kidogo na ni kielelezo, hakutaka uchezewe bure. Mkononi ulifanana na dawa ya Moshi kama pacha. Alisita, kisha akamkabidhi. Specioza akachukua kibomba kipya, akautia, akawasha taa.

Mdomo wa kibomba ulibaki mkavu. Badala ya maji ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya kuchoma koo. Bluu ikawa kijivu. Wote wawili wakangoja weusi. Weusi haukuja. Kijivu ikakaa sana juu ya moto, ikaanza kupauka kuanzia kitakoni, na mwisho kibomba kikabaki na unga mweupe wenye kijivu, sawasawa na ule wa kopo la pili. Specioza akaudondoshea asidi, ukafoka.

"Harufu hiyo naijua," akasema. "Ni ile rangi ya kutilia ukindu wa mikeka, inauzwa sokoni kwa vijiko. Ikipata moto inaungua, inabaki chokaa." Akazima taa. "Nani kakupa hii?"

"Mwenye mali. Venant Kashaija."

Specioza alirudisha koleo mezani. Alivua miwani, akaikunja, akaifunua tena. Ucheshi wake wote ulikuwa umekwisha.

"Baba yangu alinunua kwa wakala wake," akasema. "Matunda yalipomwozea alijilaumu yeye. Alisema mkono umezeeka, hapimi tena dawa vizuri. Mwaka mzima, Inspekta, mzee anajilaumu." Akapenga kamasi. "Mwisho wenzake wakashtuka, wakaenda kwa bwana shamba. Wanakuja naye kwa meli ya kesho. Wanataka magunia yafunguliwe mbele yao."

"Kwa meli ya kesho?"

"Kesho asubuhi."

Nkwabi aliinuka, akavaa kofia. Bandari. Mtu alitumwa bandarini Ijumaa kuuliza meli inaingia lini, na alipokuwa njiani ghala likawaka. Alimshukuru Specioza kwa mikono miwili, akaomba kijiko cha dawa ya Moshi na ule msumari, na mlangoni akageuka.

"Mwalimu, nimekaa na watu wanaosema uongo tangu nilipovaa magwanda. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuona kitu kinachosema kweli kwa kupashwa moto tu."

"Kamwambie na mkuu wako," Specioza akasema. "Na msumari wangu urudi."

Kituoni, Dorcas alikuwa nje ya lango na jiko lake la mkaa, sufuria ya uji juu yake, anangoja saa ya kuwaona mahabusu. Nkwabi akamwomba alibebe jiko aliingize uani. Akamwomba Shigela atoke ofisini, Venant aitwe, na Masalu aletwe. Shigela alikuwa na hasira ya kukatiziwa usingizi wa mchana, ila chupa ya jemu aliibeba mwenyewe. Venant alifika na suti ya kijani kibichi na kalamu mbili mfukoni, akampa kila mtu mkono isipokuwa Masalu, ambaye alisimama kati ya makonstebo wawili, ndevu zimemwota, macho chini.

"Bwana Venant, pole tena na msiba wa mali," Nkwabi akaanza. "Chupa hii ni yako?"

"Nimewaletea mwenyewe."

"Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Kabatini, ofisini kwangu mjini. Mbona mnaniuliza kama mimi ndiye mwizi?"

"Ni utaratibu tu, uvumilie. Masalu anaweza kuwa aliwahi kuishika?"

Venant akacheka. "Huyu? Ofisini kwangu hajawahi kukanyaga. Ufunguo wa kabati ninao mimi peke yangu, hata mke wangu hana."

"Na iliyokuwa kwenye magunia ndiyo hii?"

"Hiyohiyo. Ndiyo sababu nikawaambia mtafute bluu ya namna hii."

"Afande umesikia," Nkwabi akamwambia Shigela. Shigela akaitikia kwa kichwa, bado hajui amesikia nini.

Nkwabi akaweka vifuniko viwili vya kopo juu ya mkaa. Kwenye cha kwanza akamwaga dawa ya Moshi, kwenye cha pili unga wa chupa, na mbele ya macho ya watu wote bluu mbili zikakaa sambamba bila tofauti. Akamwomba Dorcas apepee. Dorcas alipepea kwa kipande cha boksi, mkono mmoja, taratibu, kama anavyopepea kila alfajiri, na macho yake hayakutoka kwa mumewe.

Cha kwanza kikawa kijani, kisha cheusi. Nkwabi akaleta kopo la vumbi la ghalani, akaliweka ubavuni mwake. Nyeusi na nyeusi. Akaeleza kila alichokiona Butimba, maji, asidi, mpaka msumari akautoa, na Shigela akauchukua akaukwangua kwa kucha.

"Kwa hiyo dawa ilikuwemo," Shigela akasema.

"Ilikuwemo safu za mbele. Sasa tazama cha pili, afande."

Cha pili kilikuwa kinafuka. Kikawa kijivu. Dorcas akaongeza kasi. Uani hapakuwa na sauti ila ya boksi, na kijivu kile kikapauka, kikapauka, mpaka kikawa cheupe. Nkwabi akaleta kopo la pili, akaliweka ubavuni. Nyeupe na nyeupe.

"Na hiyo ndiyo iliyokuwa safu za nyuma. Hakuna gunia lililoibwa, afande. Yote yameungulia pale pale yalipopangwa. Ila hii si dawa, ni mawe yaliyosagwa na rangi ya mikeka, na haikutoka kwenye mkono wa Masalu. Imetoka kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja."

Watu wote wakamgeukia Venant. Venant hakuwa anawaangalia. Alikuwa ameinamia kile kifuniko cheupe, kainama kabisa, jasho linamtiririka hadi kwenye kola, na midomo yake ikicheza.

"Nilichukua ya kushoto," akasema kwa sauti ndogo. "Nina hakika nilichukua ya kushoto."

Hakuna aliyesogea. Nkwabi akauliza kwa upole, kama mtu anavyouliza njia, "Na ya kulia ilikuwa ya nini, Bwana Venant?"

Hapo ndipo Venant alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Alirudi nyuma hatua moja. Alitazama lango, na langoni alisimama konstebo.

"Chupa ya kushoto ilikuwa ya dawa halisi, ya kulia ya kufananishia rangi," Nkwabi akamjibia. "Kila ukikoroga unalinganisha na ya kushoto mpaka zilingane. Ulifanya kazi nzuri sana. Zililingana hata wewe mwenyewe ukashindwa kuzijua. Kisha ukasikia wakulima wanakuja na bwana shamba kufungua magunia. Ukamtuma mwenye ufunguo bandarini akuulizie siku ya meli, na alipoondoka ukapata ghala peke yako, ukalitia moto."

Shigela alivua kofia. Alikuwa mtu mkali lakini hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Alichukua ufunguo wa pingu kwa konstebo, akamwendea Masalu, akamfungua kwa mkono wake mwenyewe, na pingu zilezile, zikiwa bado na joto la mtu, akamvalisha Venant Kashaija.

Masalu alisugua vifundo vya mikono, akalisogelea jiko. Akachuchumaa mbele ya kifuniko cha kwanza, akachovya kidole kwenye ule unga mweusi, akautazama.

"Ndiyo ile?" akamuuliza Nkwabi.

"Ndiyo ile."

"Niliwaambia yalikuwemo."

"Ulituambia," Nkwabi akasema. "Tukakukanyaga na wewe. Utusamehe."

Masalu akafuta kidole kwenye suruali. Dorcas aliviondoa vifuniko kwa ncha ya kitenge, akairudisha sufuria kwenye moto, akakoroga mpaka uji ukapata joto, akamiminia kikombe na kumshikisha mumewe kwa mikono yote miwili. Safari hii akaunywa.